Talaka ya Mwanajeshi wa Marekani: Fedha Ipi Hugawanywa, Ipi Haiguswi

Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, hasa karibu na kambi za jeshi, wana kauli mbili kuhusu jambo hili. Ya kwanza husema ukikaa miaka kumi na askari, nusu ya pensheni yake ni yako. Ya pili husema fedha ya serikali anayolipwa mwanajeshi haiguswi na mtu, hata mkewe wa ndoa. Kila moja ina punje ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Lakini atakayekwenda kwa wakili, au kutia sahihi makubaliano ya talaka, akiwa na mojawapo kichwani ataumia.

Nasi jambo hili linatugusa. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wenye taaluma za afya au lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Mpango ulisimama mwaka 2016, ila wenzetu wengine waliingia jeshini, na bado wanaingia, wakiwa na kadi ya kijani. Waliojiunga mwaka ule wa kwanza na kubaki watatimiza miaka 20 ya utumishi mwaka 2029, na miaka 20 ndiyo humpa askari pensheni ya kawaida. Zipo ndoa zitakazofika hapo salama, na zipo zitakazovunjika njiani.

Nitatumia sana neno "mke" kwa sababu ndiyo hali inayojitokeza zaidi. Sheria yenyewe haibagui. Mume aliyeachana na askari mwanamke ana haki zilezile.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba watu huita kila kitu "pensheni ya jeshi", ilhali mezani kuna mafungu matatu ya fedha, kila moja na sheria yake na ofisi yake. Lipo la pensheni ya kustaafu, inayolipwa na ofisi ya malipo ya Wizara ya Ulinzi iitwayo DFAS. Lipo la fidia ya ulemavu, inayolipwa na idara ya wanajeshi wastaafu, VA. Na yapo malipo ya mjane, ambayo huanza askari anapofariki.

Pensheni ya kustaafu

Mwezi Juni 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya McCarty, iliamua kwamba mahakama za majimbo hazina ruhusa ya kugawa pensheni ya jeshi katika talaka. Wanawake waliokuwa wamehamahama na waume zao kutoka kambi hadi kambi, wasipate kazi ya kudumu popote, wakajikuta hawana chochote uzeeni. Kelele zikapigwa, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda wenzi wa zamani wa wanajeshi, ambayo wengi huitaja kwa kifupi chake, USFSPA.

Sheria hiyo haimpi mke hata senti moja. Inayaruhusu tu majimbo kuitazama pensheni kama mali ya ndoa, kisha kila jimbo ligawe kwa taratibu zake. California na Arizona huanza na nusu kwa nusu kwa kile kilichochumwa ndani ya ndoa. Majimbo mengi mengine hugawa kwa kuangalia haki, na haki si lazima iwe nusu. Kwa hiyo mke ambaye wakili wake hakuiombea pensheni mahakamani huenda akatoka mikono mitupu, hata kama ndoa ilidumu miaka 25.

Sasa ile miaka kumi. Sheria inasema kwamba kama ndoa ilidumu angalau miaka 10, na katika miaka hiyo askari alikuwa na angalau miaka 10 ya utumishi, DFAS itamlipa mke sehemu yake moja kwa moja. Basi. Hiyo ni kanuni ya njia ya malipo. Mke aliyeolewa miaka saba anaweza kupewa sehemu na mahakama kama mwingine yeyote. Shida yake ni kwamba itabidi fedha itoke mkononi mwa mume kila mwezi, na mume akigoma, ni kurudi mahakamani. Vilevile nusu ni kikomo cha kile DFAS inaweza kumlipa mtalaka kama mgawo wa mali, ambacho ni asilimia 50 ya pensheni inayogawika. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila mke anastahili nusu.

Hesabu ya kawaida huwa hivi. Tuseme askari ametumikia miaka 20, na 12 kati ya hiyo alikuwa ndani ya ndoa. Sehemu ya ndoa ni 12 kwa 20, yaani asilimia 60. Nusu yake ni asilimia 30. Kama pensheni ni dola 2,500 kwa mwezi, mke hupata dola 750. Akiolewa tena, mgawo huu haukomi kwa sheria ya shirikisho, kwa kuwa ni mali yake, tofauti na matunzo ya mke ambayo kwa kawaida hukatika anapoolewa.

Mambo mawili hubadilisha hesabu hiyo. Kwa talaka zilizotolewa baada ya tarehe 23 Desemba 2016 huku askari akiwa bado kazini, pensheni hukadiriwa kwa cheo na miaka aliyokuwa nayo siku ya talaka, na kuongezwa nyongeza za kupanda kwa gharama za maisha. Sajenti akiachana na mkewe leo kisha akastaafu na cheo cha juu zaidi, mke hali matunda ya vyeo vilivyokuja baadaye. Jambo la pili ni mamlaka ya mahakama. Jimbo haliwezi kuigusa pensheni kwa sababu tu jeshi lilimpangia askari kituo pale. Lazima awe na makazi yake halisi ya kisheria hapo, au aishi hapo kwa sababu nyingine isiyo amri ya jeshi, au akubali mwenyewe. Mke anayefungua kesi Texas kwa kuwa ndiko wanakoishi, ilhali makazi ya kisheria ya mume ni Georgia, anaweza kupata talaka, watoto na nyumba, na pensheni ikabaki nje ya mlango.

Akiba ya TSP, ambayo askari hukatwa mshahara kuiwekea, ni kitu kingine kabisa. Hugawanywa kwa amri yake ya mahakama, haina sharti la miaka kumi, na mara nyingi husahaulika.

Fidia ya ulemavu, na mtego uliomo

Fidia ya VA hulipwa kwa aliyeumia au kuugua kutokana na utumishi, kwa viwango kutoka asilimia 10 hadi 100, na haikatwi kodi. Hii haigawanywi kama mali. Kama askari hakustaafu, alitumikia miaka sita tu na sasa analipwa fidia ya VA, mtalaka hana mgawo wa mali humo.

Mtego uko kwa aliyestaafu na pensheni. Kanuni ya zamani ni kwamba huwezi kupokea fedha zote mbili kwa ukamilifu. Ili upokee fidia ya VA unaachia kiasi hichohicho cha pensheni. Mstaafu hupenda kubadilishana hivyo kwa kuwa fidia haina kodi. Lakini pensheni aliyoiachia haihesabiwi tena kwenye fungu linalogawika. Mwaka 1989, katika kesi ya Mansell iliyotoka California, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba majimbo hayawezi kugawa pensheni iliyoachiwa kwa ajili ya fidia.

Turudi kwenye mfano wetu. Mume anakadiriwa ulemavu wa asilimia 40 na kuachia, tuseme, dola 800. Pensheni inayogawika inashuka kutoka 2,500 hadi 1,700, na asilimia 30 ya mke sasa ni dola 510. Amepoteza dola 240 kila mwezi bila kuitwa mahakamani, na mume hajavunja sheria yoyote.

Watu walijaribu kuziba pengo hilo. Majaji wengi wa majimbo walikuwa wakimwamuru mume amlipe mke tofauti kutoka mfuko wake mwenyewe. Ndipo ikaja kesi ya Howell, na yeyote mwenye jambo hili mkononi anapaswa kuijua. John na Sandra Howell waliachana Arizona mwaka 1991. John alikuwa Jeshi la Anga, na mahakama ikampa Sandra nusu ya pensheni ya baadaye. John alistaafu mwaka uliofuata, na kwa miaka kama 13 kila mmoja akala nusu yake. Kisha VA ikamkadiria John ulemavu wa asilimia 20 kwa jeraha la bega. Akaachia takriban dola 250 kati ya 1,500 za pensheni, na Sandra akapungukiwa na kama dola 125 kwa mwezi. Arizona ilimwamuru John amfidie. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Breyer na bila jaji yeyote kupinga, iliitengua amri hiyo: kumfidia kwa jina lingine ni kuigawa fidia kwa mlango wa nyuma.

Mimi naiona hukumu hiyo ni sahihi kwa maandishi ya sheria na ngumu kwa watu. Breyer mwenyewe alikiri ugumu huo, na akaacha upenyo: mahakama inapopanga talaka inaweza kuzingatia kwamba pensheni huenda ikapungua, na inapoamua matunzo ya mke inaweza kuiangalia hali hiyo. Upenyo mwingine ni makubaliano. Mume akikubali mwenyewe kwa maandishi kwamba atalipa kiasi fulani cha dola kila mwezi hata fidia ije, baadhi ya majimbo, kwa mfano Nevada mwaka 2022, yameona hayo ni mapatano halali ambayo Howell haikuyakataza. Si majimbo yote, kwa hiyo swali hili aulizwe wakili wa jimbo lenyewe kabla ya kutia sahihi. Baada ya sahihi hakuna pa kuanzia.

Kuna jambo linalowashangaza wengi hapa. Tangu 2004 Bunge lilianza kuruhusu waliotumikia miaka 20 na kukadiriwa ulemavu wa asilimia 50 au zaidi kupokea pensheni na fidia pamoja. Mpango huo, CRDP, ulikamilika 2014. Pensheni inayorudishwa kwa njia hiyo hugawika. Yaani yule mume wa asilimia 40 akipandishwa hadi 50, mke anarudi kwenye dola zake 750. Ulemavu umezidi, na sehemu ya mke imerejea. Ila mstaafu aliyejeruhiwa vitani anaweza kuchagua malipo mengine yaitwayo CRSC badala ya CRDP, na hayo hayagawiki. Mwenye sifa za yote mawili hupewa nafasi ya kubadilisha uchaguzi wake kila Januari. Mtalaka hana kura katika uamuzi huo.

Je, fidia haiguswi kabisa basi? Hapana, na hapa ile kauli ya pili ndipo inapoanguka. Mwaka 1987, katika kesi ya Rose kutoka Tennessee, mstaafu wa Vietnam mwenye ulemavu kamili alidai kuwa fidia yake ya VA haiwezi kuhesabiwa kwenye matunzo ya watoto. Alishindwa. Mahakama ya Juu ilisema fidia hiyo ni ya kumkimu mstaafu na familia yake, na anayekataa kulipa anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama. Kwa hiyo fidia ni kipato pale mahakama inapokokotoa matunzo ya watoto, na katika majimbo mengi hata matunzo ya mke. Kinachokatazwa ni kuigawa kama mali. Ugumu upo kwenye kukamata fedha yenyewe: serikali itaikata fidia kwenye chanzo kwa ajili ya matunzo pale tu mstaafu alipoachia sehemu ya pensheni ili aipate, na itakata kwenye kiasi hicho tu. Kwingineko ni mahakama na mstaafu wakabane wenyewe kwa wenyewe.

Na mstaafu naye ana la kuangalia. Aliyekadiriwa asilimia 30 au zaidi huongezewa fidia kwa ajili ya mke na watoto. Talaka ikitoka lazima aitaarifu VA. Akinyamaza, ile nyongeza ya mke itageuka deni, na VA hulikata kwenye fidia ijayo.

Askari anapofariki

Pensheni hukoma siku mwenyewe anapofariki, na mgawo wa mtalaka hukoma nayo. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa. Dawa yake ni mpango wa SBP, ambao kwa makato ya asilimia 6.5 humwachia aliyebaki hadi asilimia 55 ya kiasi kilichowekewa kinga. Kwa pensheni ya dola 2,500 iliyokingwa yote, makato ni dola 162.50 na malipo ya aliyebaki ni dola 1,375 kwa mwezi.

Talaka humtoa mke kwenye SBP palepale. Ili arudi kama mwenzi wa zamani, askari lazima apeleke uchaguzi mpya DFAS ndani ya mwaka mmoja tangu talaka. Na kama mahakama imemwamuru afanye hivyo naye hafanyi, mke anaweza kupeleka mwenyewe fomu DD 2656-10 pamoja na hukumu, ndani ya mwaka mmoja tangu amri hiyo. Hukumu peke yake haitoshi, hata iwe na muhuri na sahihi ya jaji. Ningeweza kuwaambia walio kwenye talaka jambo moja tu katika makala hii yote, ningewaambia hili: msisubiri mume apeleke. Pelekeni fomu wiki ileile hukumu inapotoka, na mbaki na uthibitisho wa kupokelewa. Makosa mengine yana wakili wa kuyarekebisha, lakini mwaka ule ukipita bila fomu ni vigumu mno kuufufua.

SBP haigawiki kati ya mke wa zamani na mke mpya. Akikingwa mmoja, mwingine hana. Kwa hiyo anayeolewa na askari aliyewahi kuoa na aulize mapema, hata kama swali lenyewe linachoma. Mtalaka anayekingwa na SBP akiolewa tena kabla ya miaka 55, haki yake inasimama, na hurejea ndoa hiyo ikivunjika au mume huyo akifariki.

Malipo ya mjane kutoka VA, yaitwayo DIC, ni tofauti. Hulipwa kwa mjane wa askari aliyefariki kazini au kwa maradhi yaliyotokana na utumishi. Mwaka 2025 kiwango cha msingi kilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi. Mtalaka si mjane machoni pa VA, kwa hiyo hana DIC, hata kama ndiye aliyemuuguza marehemu miaka yote. Aliyefiwa akiwa bado kwenye ndoa akiolewa tena baada ya kutimiza miaka 55 haipotezi. Umri huo ulikuwa 57 hadi sheria mpya ilipoanza tarehe 5 Januari 2021.

Bima ya maisha ya jeshi, SGLI, ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000, ina ukali wake. Sajenti Ridgway aliamriwa na mahakama ya Maine, katika talaka ya 1977, aidumishe bima hiyo kwa ajili ya watoto wake watatu. Alioa tena, akabadilisha fomu, akafariki. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ilisema fedha ni ya mke wa pili, kwa sababu fomu ya askari hushinda hukumu ya talaka. Anayetaka kinga ya uhakika kwa watoto adai bima ya kampuni binafsi iandikwe kwenye makubaliano.

Hospitali, shule na nyumba

Bima ya afya ya TRICARE hubaki kwa mtalaka mwenye miaka 20 mara tatu: ndoa ya miaka 20, utumishi wa miaka 20, na vyote viwili kwenda sambamba kwa miaka 20. Huyo huendelea pia kununua katika maduka ya kambini. Ikiwa sambamba ni miaka 15 hadi chini ya 20, bima ni ya mwaka mmoja. Wengine wote wanaweza kununua bima ya mpito kwa hadi miezi 36, wakiomba ndani ya siku 60 tangu ya TRICARE kukatika. Mwenye haki ya miaka 20 akiolewa tena, bima inakwisha.

Fedha ya masomo ya GI Bill iliyohamishiwa kwa mke haipotei kwa talaka yenyewe, lakini askari anaweza kuifuta au kuipunguza wakati wowote, na sheria inasema waziwazi kwamba si mali ya kugawanywa. Asiyemaliza shule kabla ya talaka anasoma kwa hisani. Kuhusu nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo wa VA, mke anaweza kubaki nayo, ila mkopo usipolipwa au kubadilishwa, nafasi ya mume kukopa tena kwa VA inaendelea kufungwa humo.

Mke aliyepigwa au kuteswa asidhani kwamba kumshtaki mume ni kujinyima. Askari akifukuzwa kwa kosa la kudhuru familia, mke na watoto wanaweza kulipwa malipo ya mpito kwa miezi 12 hadi 36. Na kama askari alikwishafikisha miaka ya pensheni kisha akaipoteza kwa kosa hilo, mahakama bado inaweza kumpa mke sehemu ambayo angepata.

Talaka iliyotolewa nyumbani

Wapo wanaooana Mombasa au Moshi, wakaishi Marekani, kisha talaka ikatolewa nyumbani, mahakamani au kwa kadhi. Huenda talaka yenyewe ikatambuliwa na jimbo wanaloishi. Lakini DFAS haitagawa pensheni kwa hukumu ya mahakama ya nje ila kama nchi hiyo ina mkataba unaoilazimu Marekani kuheshimu amri zake. Mke aliyeachwa kwa njia hiyo anahitaji amri ya mahakama ya jimbo la Marekani yenye mamlaka juu ya mumewe, na baadhi ya majimbo huruhusu kesi ya mali kufunguliwa hata baada ya talaka ya nje kukamilika. Aende na cheti cha ndoa, hati ya talaka, na tafsiri iliyothibitishwa ya chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu. Tarehe ya ndoa kwenye cheti hicho ndiyo DFAS itakayohesabia miaka kumi, kwa hiyo aliyefunga nikahi mwaka mmoja na kuisajili serikalini miaka mitatu baadaye atahitaji ushahidi wa ile ya kwanza.